Programu Ipo, Bash Haiioni

Ukishaifungua faili iliyobanwa ya lugha ya programu ya Go ndani ya /usr/local kwenye Ubuntu, kisha uandike go version, utajibiwa kwamba amri hiyo haikupatikana. Chini yake utapewa ushauri wa kuisakinisha kwa sudo apt install. Usiufuate. Programu imo kwenye diski, nzima kabisa. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi, na kuuandika hakuhitaji intaneti hata chembe.

Naisisitiza hoja hii kwa ajili ya watu wa Kianjai, Meru, na vituo vya biashara vya aina hiyo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua inayopita Kianjai pia, na mwanafunzi wa kompyuta anaporudi nyumbani Kianjai ameuacha mtandao wa chuo nyuma. Sasa anatumia bando alizonunua mwenyewe. Go ni makumi ya megabaiti tu, hiyo inavumilika. Vifaa vya kutengenezea programu za simu, vya Flutter na vya Android, ni gigabaiti kadhaa. Kuvipakua mara ya pili ilhali vipo ni kutupa pesa, na baya zaidi, unaweza kubaki na matoleo mawili ya kitu kimoja yanayogombana.

Bash, programu inayopokea amri zako, haipekui diski nzima kila unapobonyeza Enter. Husoma kigeu cha mazingira kiitwacho PATH, ambacho ni orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta pacha, na kuzipitia moja moja kuanzia kushoto. Ikikuta programu yenye jina uliloandika, huiendesha na kuziacha folda zilizobaki. Ikifika mwisho mikono mitupu, inakwambia haikupatikana. Andika echo $PATH uione orodha yako. Kama /usr/local/go/bin haimo, iongeze:

export PATH=$PATH:/usr/local/go/bin

Usiache nafasi upande wowote wa alama ya sawasawa, na usiisahau $PATH ya upande wa kulia. Anayeisahau huifuta orodha yote ya zamani, na ghafla hata ls na nano hazipatikani. Hapo hujaharibu kompyuta. Funga dirisha la amri, ufungue jingine. Kama kosa umeshalihifadhi kwenye faili inayosomwa na Bash, kiite kihariri cha nano kwa anwani yake kamili, /usr/bin/nano, urekebishe.

Lakini fungua dirisha la pili: go imepotea tena. Hapa ndipo wengi huilaumu Linux, maana maelekezo mengi huandikwa kana kwamba kigeu huwekwa kwenye kompyuta. Hakiwekwi huko. Tangu toleo la saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, kila programu inayoendeshwa hubeba nakala yake yenyewe ya vigeu, iliyoirithi kutoka kwa programu iliyoizaa. Urithi huo hushuka tu, haupandi. Dirisha ulimoandika export litawarithisha watoto wake. Dirisha la jirani, ambalo kwake ni ndugu tu, halipati kitu. VS Code uliyoifungua asubuhi itaendelea na urithi wa asubuhi mpaka uifunge.

Jambo hili huonekana vizuri kwa saa. Andika TZ=Asia/Muscat date, na utapata saa ya Oman, iliyo mbele ya Kianjai kwa saa moja. Andika date peke yake, umerudi Afrika Mashariki. Kigeu kiliishi kwa muda wa amri moja. Vivyo hivyo, ukishaendesha sudo locale-gen sw_KE.UTF-8, amri LC_TIME=sw_KE.UTF-8 date itakuandikia siku na mwezi kwa Kiswahili. Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vyote vimo katika Linux, sw_KE na sw_TZ, na ni ajabu jinsi tunavyoviacha vimelala.

Ili kigeu kidumu, kiandikwe mahali ambapo mzazi husoma anapoanza kazi. Faili ya .bashrc husomwa na kila dirisha jipya la Bash. Ile ya .profile husomwa unapoingia kwenye akaunti, kwa hiyo hata programu unazozifungua kwa kubofya picha zake hurithi. Kwa PATH ya vifaa vya kazi mimi huchagua .profile, kisha natoka kwenye akaunti na kuingia upya. Angalia mtego mmoja: ukitengeneza faili ya .bash_profile, Bash itaisoma hiyo na kuipuuza .profile bila kukwambia neno. Na .profile ya Ubuntu huongeza folda ya .local/bin kwenye PATH ikiwa tu folda hiyo ilikuwepo ulipoingia. Ndiyo maana kifaa cha kwanza unachosakinisha humo mara nyingi hakionekani mpaka utoke na kurudi.

/etc/environment iache, isipokuwa kama unajua unalofanya. Hiyo si faili ya Bash. Ukiandika $PATH humo inabaki herufi tupu.

Kigeu cha JAVA_HOME nacho kinataka folda ya Java yenyewe, kwa mfano /usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64. Ukiongeza bin mwishoni, Gradle, kifaa cha kujengea programu, itatafuta bin ndani ya bin na kukukatalia. Sudo kwenye Ubuntu hutumia PATH yake, si yako. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, kwenye Ubuntu huanza na PATH ya /usr/bin na /bin tu, kwa hiyo kazi inayokwenda vizuri mchana mbele yako inaweza kukwama usiku.

Halafu kuna siri. Anayeunganisha mfumo wa duka na M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la waandishi wa programu, hupewa funguo, na mahali pake ni kwenye vigeu, si ndani ya msimbo. Wengi huziandika kwenye faili ya .env, jambo zuri, mradi jina lake liwe limeandikwa kwenye .gitignore kabla ya kuhifadhi chochote kwa Git. Faili hiyo ikishapanda GitHub, kuifuta hakutoshi, kwa sababu Git hutunza historia yote. Omba funguo mpya siku hiyohiyo. Hata ndani ya kigeu siri haijafungiwa: yeyote aliyeingia kwa akaunti yako, au aliye na mamlaka ya root, anaweza kuvisoma vigeu vya programu zako kupitia faili ya environ iliyo chini ya /proc. Kwenye kompyuta ya saiba, basi, funguo za M-Pesa zisiingie kabisa, hata kwa jaribio la dakika moja.