Kabla hujamla nyenje, mlishe

Nyenje wangu wa kwanza walikufa maji. Niliwawekea kisahani kama mtu anavyowawekea vifaranga, nikaenda kazini, na jioni niliporudi chumbani kwangu hapa Kamukuzi nikawakuta wanaelea. Mfugaji mzoefu hulowesha pamba au kitambaa, mdudu akafyonza maji humo bila kuzama. Hilo nililijua baada ya hasara.

Wazo la kufuga nililitoa Nakivale, wilayani Isingiro, katika makazi ya wakimbizi yaliyoanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo utawakuta huko pia Wakongo, Warundi na Wasomali, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Mwaka 2025 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulikosa fedha, na wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kwenye orodha ya mgao. Tangu hapo kila ua niliopita una jaribio lake: huyu sungura, yule uyoga kwenye mfuko.

Kwa mama mmoja wa Kikongo nilikuta beseni pana limefunikwa kipande cha chandarua. Ndani mlikuwa na trei za mayai zilizosimamishwa wima, na katikati ya trei hizo nyenje wakikimbizana. Si wa kuuza. Huwakausha, akawaponda na kutia unga wake kwenye uji wa watoto.

Hesabu yake ina msingi. Nyenje akishakaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Sisi wa upande huu hatuhitaji kushawishiwa kula wadudu. Msimu wa senene ukifika, mwezi Novemba, hakuna anayeuliza maswali. Lakini senene huja na kuondoka. Nyenje wa beseni yupo mwaka mzima, mradi ale.

Na hapo ndipo penye ugumu. Nyenje hafugwi kwa takataka tupu. Mama yule huwapa matembele na majani ya maharage, lakini akikosa kuwaongezea chakula cha vifaranga cha kununua, wanadumaa na kuanza kutafunana. Protini haitoki hewani. Wanaoimba ufugaji wa wadudu kwenye semina huwa na haraka kidogo wanapofika kwenye hesabu ya chakula cha mdudu mwenyewe. Anayekula uozo kwa kweli ni funza wa nzi askari mweusi, anayegeuza maganda ya matoke kuwa chakula cha kuku, nawe ukala yai. Kwa nyumba isiyo na shilingi ya kununulia chakula cha vifaranga, ningeanza na funza.

Wanaolijua somo hili vizuri kuliko wengi, ajabu, ni wafuga buibui. Ulaya na Marekani watu hufuga tarantula majumbani, na mmojawapo anayependwa sana ni wa rangi ya chungwa, wenyeji wa Usambara, Tanzania. (Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016.) Buibui huyo hula nyenje hai wa kununua dukani, na mwenye kumjali hamtupii nyenje mwenye njaa. Kwanza nyenje hulishwa karoti na majani siku moja au mbili, kwa sababu kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho kitakachoingia tumboni mwa buibui. Mdudu aliyeshinda na njaa ni ganda tu. Buibui wa Usambara anaandaliwa hivyo. Mtoto wa Nakivale naye anastahili angalau nyenje aliyekula matembele.

Biashara hiyohiyo ya wanyama wa nyumbani ina onyo jingine. Mnamo 2010 na 2011 virusi vilienea katika mashamba ya nyenje Marekani, mamilioni wakafa, na shamba moja kubwa likafilisika. Nyenje waliosongamana huambukizana upesi, kwa hiyo mabeseni mawili yaliyotengana ni salama kuliko moja lililojaa. Kwetu utafiti upo: kituo cha icipe cha Nairobi kimesaidia kutambua nyenje wa Kenya aliyeelezwa kisayansi mwaka 2018 na kupewa jina la kituo hicho.

Mambo mawili zaidi yasipuuzwe. Usiokote wadudu wala majani kwenye shamba la nyanya lililopuliziwa dawa. Na mtu anayevimba akila kamba au kaa, aonje nyenje kwa tahadhari, maana mwili wake huweza kuwakataa pia.

Kundi langu la pili limefika hatua ya mayai, yamo kwenye mchanga wenye unyevu. Penye joto la kutosha huanguliwa kwa siku kumi hadi kumi na nne, lakini usiku wa Mbarara ni wa baridi. Yangu yamepitisha wiki ya tatu. Mama wa Nakivale aliponipigia simu alicheka, akaniambia nisogeze beseni karibu na ukuta wa jikoni kama afanyavyo yeye. Kisha akaniagiza trei za mayai tupu. Muuza chipsi wa hapa Kamukuzi huzitupa kila jioni, nami nimeshakusanya kumi na mbili.