Kuhamisha Mafaili ni Rahisi, Kusoma Ripoti Ndiyo Kazi

Soko la kuhamisha mafaili kutoka hifadhi moja ya wingu kwenda nyingine limesukumwa zaidi na bei. Februari 2021 Google ilitangaza kwamba shule na vyuo vilivyozoea nafasi isiyo na kikomo vingewekewa ukomo wa kuanzia terabaiti 100 kwa taasisi nzima. Agosti 2023 Dropbox nayo ikafuta kifurushi chake kisicho na ukomo. Taasisi zilizorundika kila kitu kwa miaka zikalazimika kupiga hesabu, na baadhi zikaona afadhali kuhamia Microsoft, ambako tayari zilikuwa zinalipia Word na Excel. Microsoft ilikuwa imejiandaa: Oktoba 2019 iliinunua Mover, kampuni ya Canada iliyokuwa ikifanya kazi ya kuhamisha mafaili.

Kunakili kwenyewe si tabu tena. Fundi anaunganisha akaunti mbili, anachagua folda, anaiacha programu ikeshe. Asubuhi inatoka ripoti yenye maelfu ya mistari ya hitilafu, na hapo ndipo mteja na mkandarasi wanapoanza kutoelewana. Mkurugenzi anauliza mafaili yake yako wapi, fundi anajibu kwamba karibu yote yamefika. Wote wawili wanabishania idadi, na kwenye ripoti ya namna hii hakuna kitu kinachopotosha kama idadi.

Chukua folda iitwayo “Bajeti 2021/2022”. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki zinazoanza mwaka wa fedha Julai zina folda kama hiyo. Google Drive inauruhusu mkwaju kwenye jina. SharePoint na OneDrive za Microsoft haziukubali, kama zisivyokubali nukta pacha, alama ya kuuliza na nyota. Folda ikikataliwa, kila faili lililomo linaweza kuandikiwa kosa lake, na ujumbe ukasema tu kwamba njia ya faili haikupatikana. Mistari elfu tatu, chanzo ni alama moja. Hali ni hiyo hiyo kwa folda zilizopachikwa ndani ya folda nyingine mpaka njia nzima inavuka herufi 400, ambazo ndizo mwisho wa SharePoint. Kwa hiyo ripoti ipangwe kwanza kwa ujumbe wa kosa, kisha kwa folda. Anayeisoma faili kwa faili atachoka kabla hajakiona chanzo.

Kuna makosa ambayo si makosa. Namba ya kosa 429 maana yake mtoa huduma anaiambia programu ipunguze kasi, na programu nzuri husubiri ikajaribu tena. Google, kwa mfano, inaweka kikomo cha gigabaiti 750 kwa siku kwa kila akaunti inayopakia. Ripoti ikiandika kila jaribio, faili moja litaonekana limeshindwa mara tano ilhali jaribio la sita lilifaulu, hivyo kinachotazamwa ni hali ya mwisho ya faili. Namba 423 mara nyingi ni faili lililofungwa kwa sababu kuna mtu analitumia, na likirudiwa usiku litapita. Namba 403 ndiyo ya kuulizia, maana mara nyingi akaunti inayohamisha imenyimwa ruhusa, na nyuma yake huenda kuna mfanyakazi aliyeondoka na folda zake hazina mwenyewe.

Mtandao nao una sehemu yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kama programu ya kuhamisha inaendeshwa kwenye kompyuta ya ofisini, kila gigabaiti inashuka hadi ofisini kisha inapanda tena, na siku kama hiyo ripoti nzima inajaa makosa ya muda kuisha. Ikiendeshwa kwenye seva zilizoko huko huko winguni, ofisi haiguswi. Programu itaendeshwa wapi ni swali la kuulizwa kabla ya kusaini mkataba.

Ili kuhakiki, wengine hulinganisha ukubwa wa mafaili ya hifadhi ya zamani na ya mpya. Hapo napo kuna mtego. Faili la Word likifika SharePoint linaweza kuongezeka uzito kidogo, kwa sababu mfumo unaandika taarifa zake ndani yake. Hakuna kilichoharibika.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye mistari iliyoandikwa “imefaulu”. Jedwali la Google Sheets linalovuta takwimu kutoka jedwali jingine kwa fomula ya IMPORTRANGE hugeuzwa kuwa la Excel, na Excel haiijui fomula hiyo. Faili linafika, linafunguka, namba zinaonekana. Ukibofya kisanduku unakuta fomula imefunikwa kwa IFERROR na neno DUMMYFUNCTION, na mwishoni thamani ya mwisho iliyosomwa kabla ya kuhama. Mhasibu ataendelea kujumlisha takwimu za siku ya kuhama kwa miezi kadhaa, na ripoti ya hitilafu haitakuwa na hata mstari mmoja wa kumtahadharisha.

Ndiyo maana mkataba unaolipa kwa gigabaiti au kwa idadi ya watumiaji naona una kasoro. Unamlipa mtu kwa kunakili na kuacha kazi ya kusoma ripoti bila mwenyewe. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, hazimwondolei mteja wajibu wa kuzilinda taarifa za wafanyakazi na wateja wake eti kwa sababu zilikuwa mikononi mwa mkandarasi. Mkataba bora ungemtaka mkandarasi akabidhi orodha ya mafaili ambayo hayakufika, kila moja na sababu yake, pamoja na orodha ya majedwali yenye fomula zilizokufa. Hifadhi ya zamani ibaki wazi kwa kusoma tu mpaka idara ya fedha ifunge hesabu za mwezi mmoja kwenye mfumo mpya, na malipo ya mwisho yatoke hesabu hizo zikishakubaliana.