Uundaji wa Maswali ya Hojaji Kuhusu Uhalifu wa Chuki

Uhalifu wa chuki ni kosa la jinai ambalo mtendaji humlenga mtu kwa sababu ya rangi, dini, asili, ulemavu au sifa nyingine ya kundi lake. Dhana hii ina sehemu mbili, yaani tendo na nia. Tendo huonekana, ilhali nia hukisiwa kutokana na dalili. Kwa hiyo, swali kama vile "Je, umewahi kushambuliwa kwa sababu ya chuki?" lina kasoro. Anayejibu "hapana" huenda hakushambuliwa kabisa, au alishambuliwa lakini hakujua sababu. Aidha, neno "umewahi" halina mpaka wa muda.

Utafiti wa kitaifa wa waathiriwa wa uhalifu nchini Marekani, ulioanza mwaka 1973, hutenganisha sehemu hizo. Watafitiwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi huulizwa kwanza matukio yaliyowapata katika miezi sita iliyopita, kwa mifano ya kawaida ya kuibiwa, kupigwa au kutishwa. Baada ya tukio kuelezwa, ndipo mtafitiwa huulizwa kama anashuku kuwa alilengwa kwa sababu ya sifa fulani. Shaka hiyo pekee haitoshi. Tukio huhesabiwa iwapo mtendaji alitumia lugha ya chuki, aliacha alama za chuki, au polisi walithibitisha nia hiyo.

Katika hojaji ya Kiswahili, neno "chuki" lenyewe huhitaji tahadhari. Kwa wazungumzaji wengi, chuki ni pamoja na uhasama baina ya watu wawili. Mkulima ambaye mazao yake yamechomwa na jirani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba anaweza kujibu "ndiyo" bila kusema uongo. Hivyo basi, ni bora kuuliza: "Je, aliyefanya hivyo alisema au alifanya jambo lolote lililoonyesha kuwa alikulenga kwa sababu ya dini yako?" Kisha swali lirudiwe kwa kila sifa peke yake.

Usahihi huu una uzito mkubwa. Kwa mwaka 2019, FBI ilichapisha matukio 7,314 yaliyoripotiwa na vyombo vya polisi, ilhali makadirio ya utafiti wa kaya kwa miaka ya 2004 hadi 2015 yalikuwa wastani wa takribani 250,000 kwa mwaka. Ingawa vipimo hivyo viwili havilingani moja kwa moja, pengo hilo ladhihirisha kuwa waathiriwa wengi hawamo katika kumbukumbu za polisi. Kwao, swali la hojaji huenda likawa nafasi pekee ya kuhesabiwa.