Safu na Vekta: Mvua ya Zombo Ndani ya Kompyuta

Mkulima wa Zombo, katika Wilaya ya Kilosa, akiulizwa mvua ya msimu uliopita ilikuwaje, hajibu kwa tarakimu moja. Atasema kwamba ilichelewa kuanza, ikamwagika kwa fujo Desemba, ikakatika mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele, kisha ikarudi Aprili wakati haikuwa na faida tena. Jibu hilo ni orodha ya mambo yenye mpangilio, na uzito wake wote umo katika huo mpangilio. Mwanafunzi anayeanza kuandika programu za kompyuta hujifunza kwanza kuhifadhi namba moja moja, kila moja kwa jina lake. Ujuzi huo ukikabidhiwa maelezo ya mkulima huyu haufiki mbali, na hapo ndipo haja ya safu inapojitokeza.

Safu ni mfululizo wa visanduku vilivyopangwa katika kumbukumbu ya kompyuta, vyote vya aina moja, vyote chini ya jina moja. Kisanduku kimoja hutofautishwa na kingine kwa namba yake ya mahali, ambayo tutaiita fahirisi. Tukiiita safu ya mvua M, basi M(1) ni mvua ya Novemba, M(2) ya Desemba, na kadhalika hadi M(7), ambayo ni ya Mei. Wanahisabati wanayo dhana iliyo karibu sana na hii, nayo ni vekta: kundi la namba lenye mpangilio, linaloweza kujumlishwa na kundi jingine la urefu ule ule, namba kwa namba. Safu ni namna ya kuhifadhi, ilhali vekta ni maana tunayoipa kile kilichohifadhiwa. Wanaprogramu wengi huyachanganya maneno haya mawili bila madhara makubwa.

Tuchukue misimu miwili, kwa tarakimu za mfano tu, katika milimita. Msimu wa kwanza, kuanzia Novemba hadi Mei: 60, 130, 120, 110, 180, 190, 50. Msimu wa pili: 20, 360, 40, 10, 60, 300, 50. Msomaji akijumlisha ataona kwamba kila msimu una milimita 840, na wastani wa kila mmoja ni 120 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye jumla na wastani peke yake, misimu hii ni pacha. Kwa mwenye shamba, wa kwanza ni mavuno na wa pili ni njaa, maana mahindi yaliyopandwa Desemba hutoa mbelewele mnamo Februari, na ukame wa wakati huo huharibu kuliko ukame wa wakati mwingine wowote.

Bila safu, mwanafunzi angelazimika kubuni majina saba: NOVEMBA, DESEMBA, JANUARI na mengineyo, kisha kuyaandika yote katika sentensi moja ya kujumlisha. Kwa msimu mmoja kazi hiyo yavumilika. Kwa misimu 30 majina yanakuwa 210, na kosa la herufi moja linaweza kujificha humo kwa miaka. Kwa safu, maagizo ni haya:

JUMLA = 0
KWA I = 1 HADI 7
JUMLA = JUMLA + M(I)
RUDIA

Maagizo hayo hayaongezeki urefu hata miezi ikiwa elfu; hubadilika namba 7 tu. Tena, kwa kuwa fahirisi I ni namba ya kawaida, twaweza kuifanyia hesabu. Jirani wa M(I) ni M(I+1), na kwa sababu hiyo twaweza kuuliza swali ambalo wastani haulijibu: je, kuna miezi miwili mfululizo iliyopata chini ya milimita 50? Programu hupita katika safu, ikilinganisha kila mwezi na unaoufuata. Katika msimu wa kwanza haitapata kitu. Katika wa pili itasimama kwenye Januari na Februari, pale pale alipopataja mkulima.

Hapa pana mtego unaowanasa wanafunzi wa kila nchi. Mrudio ukienda hadi 7, mara ya mwisho programu itauliza habari za M(8), kisanduku ambacho hakipo. Baadhi ya lugha za kompyuta hugundua kosa hilo na kusimamisha kazi. Nyingine, kama C iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, hazikagui. Huendelea tu na kusoma chochote kilichoko mahali panapofuata katika kumbukumbu. Kama misimu imepangwa mmoja baada ya mwingine, mahali hapo pana Novemba ya msimu unaofuata. Programu itailinganisha Mei na Novemba kana kwamba ni miezi jirani, na huenda ikatangaza ukame ambao haukuwako. Jibu litatoka safi, bila onyo lolote. Dawa yake ni mrudio kuishia 6.

Swali la fahirisi ianzie wapi nalo si dogo kama linavyoonekana. FORTRAN, iliyotolewa na John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM mwaka 1957, huanza kuhesabu na 1. C huanza na 0, na mwaka 1982 mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika waraka mfupi kuitetea desturi hiyo ya pili. Msomaji asiione kuwa ya ajabu mno: anayepanda ngazi jijini Dar es Salaam huita ghorofa ya kwanza ile iliyo juu ya sakafu ya chini, na vipimo vya umbali vya reli huanza na sifuri pale safari inapoanzia. Fahirisi ya 0 maana yake ni kwamba hatujasogea hata hatua moja kutoka mwanzo wa safu.

Lakini kwa Kilosa, swali kubwa zaidi ni mwezi gani uwe wa kwanza. Mazoea ya kalenda hutushawishi kutengeneza safu ya miezi 12 kuanzia Januari. Mvua, hata hivyo, haiifuati kalenda hiyo. Huanza mwishoni mwa mwaka mmoja na kumalizikia katika mwaka mwingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika wilayani Kilosa, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na Reli ya Kati ikakatika. Jedwali lililopangwa kwa kalenda hulivunja tukio hilo vipande viwili: Desemba ipo mwisho wa mstari wa 2009, na Januari ipo mwanzo wa mstari wa 2010. Mtafiti anayechunguza mstari mmoja mmoja ataona nusu ya msiba hapa na nusu pale. Safu ikianza Julai na kuishia Juni, msimu wote hukaa pamoja. Kompyuta haiwezi kuligundua jambo hili yenyewe. Ni lazima mwenye kupanga safu awe anaijua mvua.

Misimu mingi ikiwekwa pamoja tunapata safu yenye pande mbili, mistari ya misimu na nguzo za miezi. Kumbukumbu ya kompyuta, hata hivyo, ni mstari mmoja mrefu usio na upana, hivyo jedwali lazima lilazwe. C hulilaza mstari kwa mstari: tukihesabu kuanzia 1, msimu wa 3, mwezi wa 2, katika miezi 7, hukaa mahali pa (3 − 1) × 7 + 2, yaani pa 16. FORTRAN hulilaza nguzo kwa nguzo: kwa misimu 30, namba ile ile hukaa mahali pa (2 − 1) × 30 + 3, yaani pa 33. Anayechukua jedwali lililoandikwa kwa lugha moja na kulisoma kwa nyingine bila kuangalia jambo hili atapata mvua ya Machi mahali pa Novemba. Ajaribu msomaji kwa daftari la mistari na penseli, mashine haihitajiki. Tanzania ilipata kompyuta ya serikali katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku, lakini hesabu za namna hii hazikuhitaji ruhusa ya forodha.

Limebaki jambo la visanduku vitupu. Kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi kila siku, na siku nyingine msomaji wake ni mgonjwa au yuko msibani. Akiacha nafasi wazi, programu nyingi huijaza kwa 0, na hapo siku isiyopimwa hugeuka kuwa siku kavu. Desturi ya vituo vingi ni kuandika namba isiyowezekana, mathalani −99, kwa kuwa mvua haiwezi kuwa chini ya sifuri. Sharti basi kila mrudio uulize kwanza kama M(I) ni −99 kabla ya kuijumlisha, na wastani ugawanywe kwa idadi ya siku zilizopimwa, si kwa idadi ya visanduku. Asiyefanya hivyo, kwa mwezi wenye milimita 120 na siku mbili zisizopimwa, atapata jumla ya −78.