Soko lina heshima yake, nyumba ina haki yake

Lami ikifika, shamba la kahawa lililo nyuma ya nyumba huanza kutazamwa kwa jicho la biashara. Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, akaweka na jiwe la msingi la bandari mpya huko ziwani. Tunamshukuru Allah (s.w.) kwa neema hiyo. Lakini kwa vijiji vya Mbinga, Mkumbi vikiwemo, neema hiyo inakuja na swali: je, ardhi iliyo ubavuni mwa makazi igeuzwe kuwa ya biashara?

Wapo wanaotaka ajira kwa vijana. Wapo wanaohofia ngurumo za mashine ya kusaga, muziki wa baa usiku kucha, na maji machafu ya mtambo wa kumenya kahawa kuingia katika kijito wanachoteka. Pande zote mbili zina hoja.

Uislamu haukulichukia soko. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwatengea Waislamu soko lao. Baadaye wanazuoni wa hisba, akiwemo al-Shayzari wa karne ya 12, walielekeza kwamba wenye kazi za moto na moshi, kama waokaji na wahunzi, wakae mbali na wauza vitambaa na manukato. Ikiwa kitambaa kililindwa na moshi, mtoto aliyelala anastahiki zaidi.

Sheria ya nchi nayo imetupa mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi nao hupitishwa na mkutano huohuo, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana sauti humo. Mgogoro ukizuka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake.

Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu: mkutano ukiitwa hatuendi, ukuta ukisimama tunalalamika barazani. Mama, ambaye hushinda nyumbani na mashine ikinguruma, ndiye aghalabu asiyekuwapo siku ya uamuzi. Baba na mama waende pamoja. Waulize kitakachojengwa ni nini, umbali wake na nyumba, saa za kufunga na njia ya maji machafu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Waislamu wa Mbinga ni wachache miongoni mwa majirani Wakristo. Wasiende kama kundi la pembeni, bali kama wanakijiji, bega kwa bega na majirani hao, kwani moshi hauulizi dini ya mwenye nyumba. Haki ya jirani, aliyoisisitiza mno Mtume wetu (s.a.w.), ni ya wote.