Mgeni wa Shangazi Mjini Muscat

WENGI wetu tunaoishi mijini tunaye ndugu aliyeko ng'ambo. Kila anapotajwa barazani, ndugu huyo hutajwa pamoja na mali. Husemwa kwamba huko aliko fedha huokotwa, na kwamba anayekwenda kumtembelea hana haki ya kurudi mikono mitupu. Nami nilikuwa miongoni mwa wasemaji hao hadi mwezi Juni mwaka 2019, nilipokwenda kukaa siku 21 kwa shangazi yangu mjini Muscat, nchini Oman.

Niliondoka Dar es Salaam na sanduku lililokuwa nusu tupu, na karatasi iliyojaa pande zote mbili. Karatasi hiyo ilikuwa orodha ya maagizo ya jamaa: simu mbili, manukato, bangili za dhahabu, na viatu vya bwana harusi namba 42. Nafasi katika sanduku niliiacha makusudi kwa ajili ya vitu hivyo. Zawadi ya shangazi ilikuwa doti moja ya kanga, tena niliikumbuka siku ya safari.

Shangazi ni mzaliwa wa Unguja. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, wazee wake walikuwa na asili ya Oman. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwezi Julai mwaka 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi yao, na wengi walioitikia walitoka Afrika ya Mashariki. Shangazi na mumewe walikuwamo katika msafara huo. Ndiyo sababu mgeni anayepita katika soko la Matrah huweza kusikia Kiswahili kikizungumzwa kana kwamba yuko Darajani.

Maji ya moto, saa ya pili

Basi nilidhani nimefika nyumbani. Lakini wapi! Asubuhi ya kwanza niliingia bafuni, nikafungua bomba la maji baridi, nikapiga ukelele uliowaamsha watu wote. Maji yalikuwa yakichoma. Shangazi alisimama nje ya mlango akicheka. “Fungua bomba la moto, mwanangu!” Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe tangi la maji liko juu ya paa, na jua la Juni hulichemsha. Basi wenyeji huzima mashine ya kupashia maji iliyomo ndani, na maji yaliyotulia humo ndiyo yanayofaa kuogwa. Joto hilo si la utani: sheria ya huko inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti.

Siku ya Ijumaa tulialikwa chakula kwa jamaa. Mjukuu wa shangazi, kijana wa miaka kumi, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kuwa tutaondoka “saa mbili”. Nikaamka mapema, nikavaa kanzu, nikakataa chai ili nisiharibu nafasi ya pilau. Saa mbili asubuhi ikapita, ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Niliona haya kuuliza. Tuliondoka saa nane mchana, kwa kuwa mtoto yule alihesabu saa kama zilivyoandikwa kwenye uso wa saa. Nilipofika karamuni, tumbo lilikuwa likinguruma kuliko gari.

Huko nako nilikaribishwa kahawa yenye hiliki katika kikombe kisicho na mkono. Nilipomaliza, kikajazwa. Nikamaliza tena, kikajazwa tena. Nilikunywa vikombe vinane kwa adabu, ndipo mzee mmoja aliponihurumia akanionyesha kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe kidogo anapokirudisha. Usiku ule sikupata usingizi.

Siku ya jembe

Kutolala huko ndiko kulikonifumbua macho. Nilitoka kwenda kunywa maji, nikasikia sauti jikoni. Shangazi na mwanawe, karani wa kawaida anayesubiri mshahara kama mimi, walikuwa wakihesabu riali juu ya ankara ya umeme. Tangu nifike, kiyoyozi cha chumba changu kilikuwa hakizimwi, hata ninapokwenda matembezini. “Tusimwambie,” alisema shangazi. “Ni mgeni.” Asubuhi yake mezani palikuwa na mayai, mkate na halua kama kawaida, na hakuna aliyenuna.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa katika siku ya tisa, na jembe nilikuwa sijaliulizia. Tangu siku hiyo nilizima kiyoyozi kila nilipotoka chumbani. Nilimsindikiza shangazi kwa daktari, nikambebea kapu la sokoni, na jioni nikamfundisha yule kijana kuhesabu saa za Kiswahili.

Siku moja nilisema nitapika wali wa nazi. Shangazi akatoa tui la kopo. “Mbuzi yangu imekwisha meno siku nyingi,” alisema kwa huzuni. Mjukuu wake akainua kichwa, akauliza mbuzi huyo amefungwa wapi, na kama bado anaweza kula majani. Tulicheka hadi machozi. Kisha nikaona shangazi anaendelea kuyafuta machozi yake wakati sisi tumekwisha kucheka. Alikwenda kabatini, akatoa kibao kilichofungwa kwa kitambaa, akamwonyesha mtoto jinsi bibi zake walivyokikalia wakikuna nazi.

Siku ya kuondoka sikuitoa ile orodha. Nilimwuliza shangazi nimletee nini kutoka nyumbani. Hakufikiri hata kidogo. “Mbuzi,” alijibu, “yenye meno.”

Nilirudi na sanduku lile lile, ndani yake mna halua na manukato kidogo ya kugawana. Wapo jamaa walioelewa. Aliyeagiza viatu namba 42 hanisemeshi mpaka leo. Lakini kabla mwezi haujaisha nilinunua mbuzi mpya Kariakoo, nikampa msafiri ampelekee shangazi.

Ndugu msomaji, ukijaliwa kwenda kwa jamaa walioko mbali, kumbuka kwamba nao wana kodi, wana ankara, na wana watoto wa kusomesha. Kabla hujaikunja orodha ya unavyotaka kuletewa, waulize kwanza wao wamepungukiwa na nini. Huenda ni kitu ambacho kwako kimelala uvunguni.