Je, Wajua? Almasi yenye kasoro huona sumaku

Almasi safi ya pete haifai hapa. Inayotakiwa ina kasoro: atomi moja ya kaboni imepisha naitrojeni, na jirani yake pamebaki pengo tupu. Imulike kwa mwanga wa kijani, kasoro hiyo itang'aa kwa wekundu. Ipige na mawimbi ya maikrowevu, wekundu utafifia kwenye masafa fulani. Sumaku ikisogea, hata iliyo dhaifu mno, masafa hayo huhama.

Kasoro hiyo ikiwekwa kwenye ncha ya almasi, huchora sumaku kwa upana wa makumi ya nanomita. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi! Tena haihitaji baridi kali. Joto la chumbani latosha.

Mwaka 2013 almasi ilionyesha sumaku ndani ya bakteria walio hai. Wamebeba vipunje vya sumaku vilivyopangwa kama shanga, navyo ndivyo dira yao.

Na milima myeusi unayoiona ukitoka Bawshar kwenda Maskati ya kale, nchini Omani? Ni mwamba wa chini ya bahari ya kale. Ulipokutana na maji, ulizaa punje ndogo za magnetiti, madini yenye sumaku. Darubini zinazotumia almasi yenye kasoro husoma sumaku ya punje za namna hiyo, moja moja.